Barua ya wazi kwa Msajili wa Jumuiya na wakuu wa dini: angalieni nani analipa

Waheshimiwa: Waziri wa Mambo ya Ndani, Msajili wa Jumuiya, maaskofu wa TEC (Katoliki) na CCT (jumuiya ya makanisa ya Kikristo), wachungaji wakuu wa CPCT (makanisa ya Kipentekoste), Mufti na masheikh wa BAKWATA, na nyie mnaomiliki redio na televisheni za dini, shikamooni. Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, kila mmoja aitikie yake.

Naandika kama muumini wa kawaida, mkristo niliyelelewa kwenye nyumba ambayo nusu ni waislamu, Idi tunakula pamoja na Krismasi tunakula pamoja. Sina huduma ninayotaka kuanzisha na sina mtumishi ninayemuonea wivu. Ninachotaka kusema ni kimoja tu ila naomba mnivumilie maana kina matawi.

Kila likitokea jambo la kutisha mnatoa tamko lilelile, "wananchi muwe makini na manabii wa uongo," alafu kila mtu anarudi ofisini kwake. Sasa nauliza, umakini gani? Mama ana mtoto anaanguka kifafa, hospitali ya wilaya wamempa rufaa na hana hata nauli, usiku anafungua simu anakuta klipu watu wanalia, kuna baiskeli za wagonjwa zimetupwa pembeni, na namba ya kutuma sadaka inapita chini ya skrini. Huyo mama mnamwambia awe makini kwa kutumia nini? Nyie ndo wenye ofisi, wenye wanasheria, wenye mabaraza, wenye elimu ya dini miaka na miaka, lakini kazi ya kupambanua mmemuachia yeye usiku ule peke yake na bando lake la mia tano. Haiko sawa wazee wangu.

Na vipimo ambavyo watu tunapeana mtaani havisaidii. Utasikia angalia gari lake. Gari halisemi kitu, kuna mapadre huko Sumbawanga na Mpanda wanaendesha Land Cruiser kwasababu bila hiyo masika hawafiki kigangoni, na kuna tapeli anapanda bodaboda makusudi aonekane mnyenyekevu. Utasikia angalia kama kasajiliwa. Lile kundi la Kanungu kule Uganda, ambalo tarehe 17 Machi 2000 watu mia kadhaa waliungulia ndani ya jengo la ibada, lilikuwa limesajiliwa na serikali. Na kanisa la Good News International la Paul Mackenzie kule Malindi lilikuwa na usajili wake halali, Kenya waliufuta Mei 2023, wakati makaburi ya waumini wake kwenye msitu wa Shakahola, wengi waliokufa kwa kufunga kula, yameshaanza kufukuliwa. Cheti ukutani kilikuwepo muda wote huo.

Wengine wanasema angalia miujiza. Mwaka 2014 televisheni ya KTN ya Kenya ilimuonyesha mchungaji Victor Kanyari, watu wanaoshwa miguu maji yanageuka mekundu kama damu, kumbe ni potasiamu pamanganeti ya kununua dukani, na sharti la kuombewa unatuma shilingi 310, kupanda mbegu. Nchi nzima iliona. Na hakuishiwa waumini, mpaka miaka kumi baadaye watu wanaingia kanisani kwake. Kwahiyo muujiza hautuambii kitu na hata kufumaniwa hakutoshi.

Mimi nimekaa na hili jambo muda mrefu nikafika mahali pamoja. Neno la kiongozi wa dini lina gharama, na kuna mtu ataibeba. Angalieni ni nani. Kiongozi mzuri akisema neno gumu anaanza kulilipia yeye, kwa hela yake, kwa usingizi wake, kwa jina lake kuchafuliwa, wakati mwingine kwa roho yake. Anayetafuta tumbo lake anasema yeye, mnalipa nyie, na jambo likiharibika mnalipa mara ya pili kwa kuambiwa hamkuwa na imani.

Wakristo wenzangu mnaikumbuka habari ya Naamani, iko 2 Wafalme sura ya 5. Jemadari wa Shamu amepona ukoma, amekuja na fedha na dhahabu na mavazi, anamlazimisha Elisha apokee, Elisha anaapa hapokei kitu. Naamani anaondoka. Gehazi mtumishi wake anaona hela ile inapotea bure, anamkimbilia nyuma ya gari lake anamwambia bwana wangu amepata wageni, vijana wawili wamekuja kutoka milimani, tunaomba talanta ya fedha na mavazi mawili. Anapewa talanta mbili.

Watu wengi tunakumbuka ule ukoma wa Naamani uliomshika Gehazi, lakini naomba muangalie alidanganya wapi. Hakudanganya kuhusu muujiza, muujiza ulikuwa wa kweli kabisa na yeye alikuwepo. Alidanganya kuhusu uhitaji. Alitaja wageni ambao hawapo. Na hapo ndo penyewe mpaka leo, tunajenga, tuna yatima, tunarusha matangazo nchi kumi, huduma ina deni, na hakuna anayeruhusiwa kuuliza hao vijana wawili wako wapi, tuwaone na hayo mavazi wameyavaa. Kwahiyo hata yule mchungaji ambaye maombi yake kweli yanajibiwa, na mimi naamini Mungu anajibu, bado anaweza akawa Gehazi. Tukibishana kama muujiza ni feki au si feki tunapigana pasipo na vita.

Na jambo jingine, Gehazi hakukosa shule. Alikaa na nabii nyumba moja. Ndo maana sikubaliani na wanaosema tuige Rwanda, pale sheria ya mwaka 2018 iliweka sharti viongozi wa makanisa wawe na shahada ya teolojia, na mwaka huohuo wakafunga makanisa kama 700 Kigali, na mwaka 2024 wakafunga tena nyumba za ibada zaidi ya 5,600 kwa kukosa viwango. Usalama wa jengo sawa, choo sawa, kelele sawa, hayo hata mimi nayataka. Lakini shahada haimzuii mtu kula waumini wake, itamuongezea maneno ya kuwalia tu. Na yule mzee wa kanisa la mabati huko kijijini, anayezika maiti za watu wasio na ndugu, anayepatanisha ndoa saa sita usiku na hajawahi kumuomba mtu senti, huyo ndo atafungiwa wa kwanza maana hana karatasi.

Kukubali kuulizwa ni sehemu ya kulipa, maana kunauma. Samweli alipozeeka alisimama mbele ya Israeli yote akauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, punda wa nani, nimemdhulumu nani, nimepokea rushwa mkononi mwa nani, nishuhudieni nirudishe. Hakusubiri mkaguzi. Kwa upande wa waislamu, masheikh wetu wanatusimulia Sayyidna Umar alivyosimamishwa na mtu wa kawaida mbele ya watu, mbona kila mmoja kapata kipande kimoja cha nguo na wewe umevaa vazi linalohitaji viwili, na khalifa hakumuitia askari, alimuita mwanawe Abdallah aeleze kwamba kile cha pili alimpa baba yake. Ndo yule mtu akasema sasa sema tutasikia. Huyo ni khalifa wa dola nzima anahojiwa kuhusu kitambaa. Leo umuulize mtume fulani hela ya uwanja iko wapi uone mabaunsa watakavyokutoa.

Novemba 2024 Rais Ruto alienda parokia moja ya Soweto Nairobi akatoa shilingi za Kenya milioni 2.6 kwa ajili ya kwaya na nyumba ya padre, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akaagiza hela irudishwe. Milioni mbili na ushee parokia ya watu maskini zingefanya kazi kubwa, nyumba ya padre ilikuwa haijaisha, na wanakwaya walishapiga vigelegele. Nani alilipa pale? Kanisa lenyewe lilijinyima. Huyo nikisikia anaongea kuhusu rushwa nitamsikiliza, maana najua imemgharimu. Alafu tuje kwetu, mwanasiasa anaingia ibadani na kamera, anaahidi mabati, saruji na gari, anapewa kipaza sauti madhabahuni, na hata futari zetu siku hizi mnazijua wenyewe. Wazee wangu maaskofu na masheikh, mkishapokea mnaona vile ilivyo vigumu kumkemea? Hata akiwa hajakuomba unyamaze, utanyamaza mwenyewe.

Sasa naomba niongee kuhusu ugonjwa maana hapa ndipo watu wanakufa.

Kuna mama mmoja mtaani kwetu, mahali alipokuwa anasali sitapataja, ana sukari ya muda mrefu. Aliambiwa sindano za insulini ni kumuonyesha Mungu kwamba humuamini. Akaacha. Kabla hajaacha alikuwa ameshatoa malimbuko, mshahara wote wa Januari, na akanunua na chupa za maji kwa bei ambayo ungenunua katoni nne dukani. Kidonda cha mguu kikaoza, hospitali wakakata chini ya goti. Jumapili iliyofuata ikahubiriwa pale, bila kumtaja jina lakini kila mtu anajua, kwamba kuna watu waliyumba dakika za mwisho. Mguu katoa yeye, mshahara katoa yeye, na lawama akapewa yeye. Aliyesema acha sindano hajapoteza hata kifungo cha shati. Mimi nikimuangalia huyu mama nakosa namna ya kuongea kwa upole, mnisamehe.

Na msidhani ni kwa walokole tu. Huku upande wa pili kuna watu wanajiita masheikh wa ruqya, kisomo cha kutoa majini, wanamwambia mtu presha yako ni jini mahaba, leta mbuzi, leta laki tano, leta nyingine jini limekataa kutoka. Qur'an ileile wanayoisoma, kwenye Sura Yasin, yule mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji anawaambia watu wake wafuateni wasiowaomba ujira nao wameongoka. Aya inasomwa kila msiba. Na mawakala wa hija na umra wanaokula akiba ya bibi ya miaka kumi na tano alafu wanazima simu, hao nao wanatanguliza kanzu na ndevu ili uwaamini.

Ila niseme na hili maana naogopa tukasema kila anayekosea ni mwizi. Mzee Ambilikile Masapila, Babu wa Loliondo, mchungaji mstaafu wa KKKT, kanisa la Kilutheri, mwaka 2011 alikuwa anatoa kikombe cha dawa Samunge kwa shilingi 500, mia tano tu, na ameishi palepale kijijini mpaka akafariki mwaka 2021. Hakujijengea jumba Mbezi. Mimi siamini kwamba yule mzee alikuwa tapeli. Lakini watu walitoka wodini, walioko kwenye dawa za ukimwi wakaacha, foleni ikawa ya makilomita na wengine walifia kwenye foleni. Gharama ilibebwa na wagonjwa hata kama mzee mwenyewe alikuwa na moyo safi. Na nyie wakubwa mlikuwa wapi? Mawaziri na wabunge walikuwa wanakunywa kikombe mbele ya kamera. Kwahiyo kipimo changu hakimhukumu mtu moyoni, huko ni kwa Mungu, kinaangalia nani ameumia na nani alikuwa na uwezo wa kuzuia. Na hicho serikali mnaweza kukipima bila kugusa imani ya mtu.

Moshi hivyohivyo. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, mkutano wa Mtume Boniface Mwamposa, watu wakaambiwa wapite kukanyaga mafuta ya upako, wakasukumana, wakafa 20, wakiwemo watoto. Sisemi mtu alikusudia. Nasema mechi ya Simba na Yanga hamruhusu bila kujua milango mingapi, askari wangapi, gari la wagonjwa limekaa wapi, uwanja unabeba watu wangapi. Kwanini mkutano wa dini unaojaza uwanja huohuo uangaliwe kwa macho mengine? Wale waliolala pale walikuwa wamekwenda kutafuta baraka.

Na Shakahola nayo inabidi tuitaje tena hata kama inauma. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mackenzie alikana mashtaka, hukumu ni kazi ya majaji. Ninachotaka mkisome ni kile kilichoandikwa na kamati ya Seneti ya Kenya na tume yao ya haki za binadamu, kwamba taarifa zilifika kwa vyombo vya dola mapema na hazikushughulikiwa. Huyu mtu tangu 2017 alishafikishwa polisi na mahakamani kwa mahubiri ya kukataza watoto wasisome shule. Machi 2023 akakamatwa kwa vifo vya watoto, akatoka kwa dhamana. Mwaka 2025 miili mingine ikafukuliwa Kwa Binzaro, kaunti ileile ya Kilifi. Dalili hazikuwa za siri wala za kiroho, mtoto hayupo shule, mgonjwa hayupo kliniki, familia imeuza shamba, ndugu wakija hawaruhusiwi kumuona mtu wao. Hizo ni dalili nne ambazo mtendaji wa kijiji anaweza kuziona bila kufungua Biblia.

Sasa ndugu Msajili nakuja kwako na hapa nitasema wazi. Mwishoni mwa Mei 2025 Askofu Josephat Gwajima wa Ufufuo na Uzima, ambaye alikuwa pia mbunge, aliongea hadharani kuhusu watu kutekwa, na mwanzoni mwa Juni kanisa lake likafutiwa usajili, waumini wakakuta polisi getini. Likafunguliwa tena miezi kadhaa baadaye. Mimi si muumini wake na kuna mengi sikubaliani naye. Lakini huyohuyo mwaka 2021 alipohubiri dhidi ya chanjo ya korona, jambo ambalo kama amekosea anayelipa ni bibi wa watu aliyekataa kuchanjwa, kanisa halikufutwa, Bunge lilimsimamisha mikutano miwili basi. Kwahiyo alipoongea jambo ambalo gharama ingewaangukia waumini kanisa lilibaki wazi, alipoongea jambo ambalo gharama ingemuangukia yeye kanisa likafungwa. Kipimo mmekishika kichwa chini.

Na hii inatudhuru zaidi ya mnavyofikiri, kwasababu kila tapeli sasa akiguswa anasema naonewa kama wale waliosema kweli, na watu wanamuamini. Mmechanganya makundi mawili ambayo yalitakiwa yasifanane hata kidogo. Maaskofu wa TEC walipotoa tamko tarehe 18 Agosti 2023 kuhusu mkataba wa bandari waliambiwa wanachanganya dini na siasa. Padre Kitima, katibu wao, aliyekuwa hanyamazi, tarehe 30 Aprili 2025 alivamiwa akapigwa akiwa Kurasini pale. Unaweza usikubaliane na tamko, ni haki yako, lakini niambie ni faida gani ya tumboni wanaipata watu wa namna hiyo.

Eneo letu limekuwa na viongozi wa dini waliolipa mpaka mwisho na vijana wengi hawawajui. Askofu Alexander Muge wa Eldoret, Kenya, 1990, waziri Peter Okondo alimtishia hadharani kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke hai, akaenda tarehe 14 Agosti, akaongea na watu, na njiani kurudi akafa kwenye ajali ya gari. Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda, Februari 1977, alikuwa ameandika kumlalamikia Amin mauaji ya watu, akakamatwa akauawa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, ndugu zetu wa Kongo wanamjua, vita ilipoingia mjini Oktoba 1996 wakubwa wakakimbia, yeye alibaki na watu wake na wakimbizi, akauawa tarehe 29. Na si lazima ufe ndo uhesabike. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa miaka ya 1930 alikuwa anatoa gazeti lake, Al-Islah, kwa Kiswahili, anawakosoa waislamu wenzake kwa kupuuza elimu na kutapanya mali, watu haohao anaoswali nao na kukutana nao msikitini. Kumkemea mkoloni peke yake kungempa sifa, kuwakemea jirani zake kulimletea maneno. Alichagua vyote.

Waliopo leo pia wapo, wengi tu, na hawana televisheni. Masista wa zahanati za vijijini, maustadhi wa madrasa wanaofundisha watoto wa watu kwa shilingi mia mia, wainjilisti wa KKKT wanaotembea kwa miguu vijiji vitatu Jumapili moja. Hao wanachafuliwa jina na wachache ambao nyie mmewaacha.

Ninachowaomba si kutunga imani. Serikali isituambie Roho Mtakatifu anashukaje wala ruqya inasomwaje. Mtu akitaka kutoa nyumba yake yote kwa Mungu akiwa na akili timamu ni haki yake. Lakini anayepokea hiyo nyumba aonyeshe kaiandika kwa jina la nani. Msajili unapokea ripoti na ada za mwaka kutoka kwenye hizi taasisi, basi ripoti ya mapato na matumizi iwe ni karatasi ambayo muumini yeyote anaweza kwenda kuiomba na akapewa, na taasisi yenye mapato makubwa ikaguliwe na mkaguzi wa nje. Bodi ya wadhamini isiwe mtume, mke wa mtume, mtoto wa mtume na shemeji. Najua mtasema sheria hairuhusu kuingia huko kote, basi pelekeni marekebisho bungeni, mbona sheria nyingine zinapelekwa kwa hati ya dharura.

Kwenye tiba, angalieni mganga wa tiba asili. Ana baraza lake, anatakiwa asajiliwe, na hawezi kujitangaza anatibu kansa bila kibali. Lakini mtu akiyapa maji yaleyale jina la upako anaweza kutangaza redioni mchana kweupe kwamba yanaponya kansa na ukimwi, kwa bei na lipa namba, na hakuna wa kumuuliza. Kuomba, aombe usiku na mchana. Akiuza kitu na kusema kinatibu, aulizwe sawa na anavyoulizwa mwenye dawa. Na kumwambia mgonjwa aache dawa iwe kosa lenye adhabu kwa aliyesema, siyo onyo la mdomo.

Wenye vituo, nyie mnauza muda wa hewani na mnajua mnachouza. Mtu akilipia saa nzima ya kuuza maji, na nyie mmekula kwenye mguu wa yule mama. Wekeni sharti moja tu, mwenye kipindi akitangaza mtu kapona ugonjwa alete daktari aliyempima kabla na baada, la sivyo hiyo sehemu haiendi hewani. Wakikataa mtakuwa mmejua.

Mabaraza, na hapa naongea na baba zangu kwa heshima, acheni jibu la "huyo si mwanachama wetu." Mackenzie wa Shakahola naye hakuwa mwanachama wa mtu. Kila wilaya mnayo kamati ya amani ya viongozi wa dini, waislamu na wakristo pamoja, huwa tunawaona kwenye picha wakati wa uchaguzi. Kamati hiyohiyo iwe na siku moja kwa mwezi ya kupokea malalamiko ya waumini, mtu aliyeuziwa, mtu aliyekatazwa hospitali, binti aliyeshikwa asivyotakiwa kushikwa chumba cha maombezi, mke ambaye mumewe amehamia kambini na hapatikani. Wapokelewe na mtu mzima anayeheshimika, na mama awepo kwenye hiyo kamati maana wengi wanaoumizwa ni wanawake na hawatasimulia mbele ya wanaume watupu. Yakizidi uwezo wenu yaende ustawi wa jamii na polisi kwa maandishi, na nakala ibaki, ili siku ya siku asitokee mtu kusema hatukujua.

Na mkianza, anzeni na nyumba zenu wenyewe. Baba Askofu, Sheikh, mchungaji kiongozi, bandikeni mahesabu ya mwaka jana kwenye ubao wa matangazo wa parokia, usharika na msikiti wenu kabla ya Pasaka na kabla ya Ramadhani, pamoja na mliyopokea kutoka kwa wanasiasa na majina yao. Msajili hahitaji kuwaagiza hilo, na hakuna sheria inayowazuia.

Ni mimi muumini wenu,
Mbagala, Dar es Salaam